Herufi ya Saba: Misimbo na Kumbukumbu za Mahudhurio ya Wagonjwa wa Mifupa Nchini Marekani

Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, vituo vya afya nchini Marekani hutumia ICD-10-CM, toleo la nchi hiyo la uainishaji wa magonjwa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la Shirika lenyewe, mvunjiko wa katikati ya mfupa wa muundi huandikwa S82.2, na tarakimu ya hiari huweza kuongezwa ili kuonesha kama mvunjiko ni wa wazi au umefungika. Wamarekani wameurefusha msimbo huo hadi nafasi saba. S82.221A hueleza kwamba muundi wa mguu wa kulia umekatika mkingamo, vipande vimehama mahali pake, mvunjiko umefungika, na mgonjwa yumo katika matibabu hai. Sehemu kubwa ya maelezo hayo hupatikana siku ya kwanza na haibadiliki. Herufi ya mwisho ndiyo inayotegemea maandishi ya daktari katika kila hudhurio.

Utata huanzia kwenye majina. A huitwa herufi ya hudhurio la awali, na D ya hudhurio la baadaye. Anayeyasoma majina hayo kwa maana yake ya kawaida ataitumia A siku ya kwanza peke yake, jambo ambalo mwongozo rasmi haukulikusudia. A hutumika muda wote mgonjwa anapopata matibabu yanayolenga mvunjiko wenyewe: huduma ya dharura, upasuaji, hata tathmini ya daktari mpya anayeyaendeleza matibabu hayo. Madaktari watatu wanaweza kumwona mgonjwa mmoja na wote wakastahili A. Hata aliyechelewa kutafuta tiba, akafika mfupa ukiwa umeshindwa kuunga, huanza na A. D huja baada ya matibabu hai kukamilika, mgonjwa anapobadilishiwa plasta, kupigwa eksirei ya kufuatilia uungaji au kutolewa vyuma. Kinachoamua ni kazi inayofanyika, si hesabu ya mahudhurio. Majina hayo, kwa kweli, yalichaguliwa vibaya.

Hata hivyo, kwa mvunjiko uliofungika, D hufaa tu iwapo mfupa unaunga kama ilivyotarajiwa. Ukichelewa kuunga, herufi ni G; usipounga, ni K; ukiunga kombo, ni P. Chukulia mgonjwa anayerudi kliniki miezi sita baada ya upasuaji, angali anachechemea. Eksirei inaonesha pengo. Daktari analiona, anamweleza mgonjwa, kisha anaandika: “Anaendelea. Arudi baada ya wiki sita.” Mwekaji msimbo haruhusiwi kujisomea picha wala kukisia, hivyo anaandika D. Kuanzia hapo, katika kumbukumbu, mfupa huo unaunga vizuri. Daktari atakapoomba kibali cha upasuaji wa pili, kampuni ya bima italinganisha ombi na kumbukumbu na kuona vinapingana. Kibali kinaweza kucheleweshwa au kukataliwa, na anayesubiri akiwa juu ya magongo ni mgonjwa. Mtafiti anayehesabu mifupa isiyounga kwa kutumia misimbo naye hatamwona.

Ukimya wa daktari nao hupewa tafsiri. Mvunjiko usioelezwa kuwa wa wazi au uliofungika huhesabiwa kuwa umefungika. Usioelezwa kama vipande vimehama huhesabiwa kuwa vimehama. Gharama ya ukimya huu ni kubwa zaidi katika mivunjiko ya wazi. Herufi B huwekwa kwa daraja la I na la II la uainishaji wa Gustilo, na C kwa daraja la III, lenye uharibifu mkubwa wa tishu laini. Daktari akiandika “wazi” bila kutaja daraja, herufi huwa B. Jeraha lililomlaza mgonjwa wiki kadhaa na kumrudisha chumba cha upasuaji mara nne huingia katika kundi la majeraha mepesi.

Maandishi yanayotakiwa si marefu: “Mvunjiko mkingamo wa katikati ya muundi wa kulia, vipande vilihama, wa wazi daraja la IIIA. Wiki ya 26: haujaunga. Maumivu anapokanyaga. Upandikizaji wa mfupa unapangwa.” Kwa maneno hayo mwekaji msimbo huandika S82.221N bila kumpigia daktari simu.