Seva ya nyumbani: Uirekebishe leo au ungoje?

NI Jumapili jioni. Mwanao wa chuo anataka kuchapisha kazi ya kumkabidhi mwalimu kesho asubuhi. Imo katika ile kompyuta kuukuu mliyoigeuza seva ya Linux, pamoja na picha za arusi na za marehemu nyanya. Lakini mchana uliingiza programu mpya, na sasa mashine imekataa kuwaka. Utamwambia nini?

Wengi wakipatwa na balaa hili huapa kutoigusa seva tena. Msomaji, hilo nalo ni kosa. Mnamo Aprili 2014 ilitangazwa dosari iitwayo Heartbleed katika programu ya OpenSSL. Ilikuwa imejificha humo tangu 2012, na mhalifu angeweza kuitumia kusoma hata maneno ya siri yaliyokuwa katika kumbukumbu ya seva. Aliyechelewa kuziba ufa huo aliacha mlango wazi.

Hata hivyo, haraka haraka haina baraka. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo mapya ya programu ya xz yalikuwa yametiwa hila ya kumwingiza mwizi kwa mlango wa nyuma. Waliotumia toleo thabiti la Debian, ambalo halikimbilii mambo mapya, walinusurika. Hatari iliwaangukia waliotumia matoleo ya majaribio.

Basi ufanye nini? Kwanza, marekebisho ya usalama yasingoje. Katika Debian na Ubuntu, programu ya unattended-upgrades yaweza kuyaingiza yenyewe. Kuhamia toleo jipya zima kunaweza kungoja likizo.

Pili, weka nakala za faili katika diski nyingine, kisha ufungue chache uhakikishe ni nzima.

Tatu, chagua saa ambayo hakuna anayeihitaji seva, wala si usiku wa kuamkia mtihani. Stima ikipotea katikati ya kazi, programu huachwa nusunusu.

Nne, kiini kipya cha Linux kwa kawaida hakianzi kazi mpaka uzime mashine na kuiwasha upya. Kikigoma, usibabaike. Kile cha zamani aghalabu hubaki, nawe waweza kukichagua katika orodha inayotokea mashine inapowaka.

Seva ikilala nusu saa Jumamosi asubuhi, watoto watanung'unika kidogo tu. Lakini picha za nyanya zikipotea, hakuna duka utakakozinunua.