Mafundo Manne ya Kanga

Wengi wetu tumezoea kufikia kwa ndugu tukiwa safarini, na ni desturi njema. Lakini iko siku ndugu hana nafasi, na msafiri hana budi kulala katika nyumba ya kulipia. Hayo yalitupata tulipompeleka mama yetu Mwanza, apasuliwe mtoto wa jicho katika hospitali ya Bugando, ile iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima. Wagonjwa huijia kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa.

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na aliyefika huko hata mara moja haulizi sababu. Mawe makubwa yamepandana vilimani kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na nyumba zimejengwa katikati yake. Huko mjini, tangu reli ya Tabora ilipofika mwaka 1928, hapana usiku wa kimya: magari, pikipiki, ngoma na wachuuzi. Basi tukashauriwa kutafuta hoteli Isamilo, kitongoji cha kilimani chenye miti na utulivu.

Hoteli tuliyoipata haikuwa kubwa wala ndogo. Vyumba vilikuwa safi, vitanda vina vyandarua, maji ya moto yapo, na ua wake una kivuli. Jioni, ziwa lilionekana chini likimeremeta. Wenyeji wengi husema ya kuwa ni kutoka kilima hicho cha Isamilo Mwingereza Speke alipoliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, akaliita Victoria kwa jina la malkia wake. Lakini Wasukuma walikuwa wakilivua na kulivuka tangu zamani, nao waliliita Nyanza.

Mama hakuwa amelala hotelini maisha yake yote. Aliogopa kukanyaga sakafu inayong'aa, akauliza ni nani mwenye nyumba, apate kumwamkia. Binti aliyeketi mezani pa kupokea wageni akasimama, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mayu. Karibu nyumbani." Mama aliposikia lile neno la Kisukuma alicheka, na hofu ikamtoka. Hata mpishi, alipojua ya kuwa mama amekuja na matobolwa yake katika kitambaa, hakumdharau. Alimletea chai, na usiku akampikia sato kwa mchuzi mwepesi na ugali laini.

Siku ya pili akapasuliwa. Siku ya tatu bandeji ikafunguliwa. Jioni hiyo tulimketisha uani, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe maji yako mbali hivi! Nami nilidhani yako mlangoni." Tukashindwa kumjibu kwa furaha.

Hata asubuhi ya kuondoka, tukapewa hesabu. Vyumba viwili, kila kimoja shilingi 50,000 kwa usiku. Tulilala siku nne, yaani shilingi 400,000. Lakini karatasi ilisema 300,000. Binti aliruka usiku mmoja.

Wasomaji, hatutawaficha. Mfukoni tulikuwa na fedha za kutosha hoteli na nauli, lakini dawa za matone na miwani zilikuwa bado, nazo zilikadiriwa shilingi 90,000. Moyo ukatuambia: "Hukuiba. Karatasi wameandika wenyewe. Lipa, uende." Tukaanza kuhesabu zile 300,000.

Mama alikuwa amesimama kando yetu. Hajui kusoma, lakini kila usiku alifunga fundo moja katika ncha ya kanga yake, ili asipotee hesabu ya siku. Akauliza, "Mmelipa mafundo mangapi?" Tukasema kwa sauti ndogo, "Matatu." Akaishika ile ncha, akayatazama kwa jicho lake jipya, akasema, "Mimi nayaona manne."

Tukaona haya kupita kiasi. Tukamwambia binti kosa lake. Alishtuka, akatwaa daftari, akaona ni kweli. Akasema, "Ahsanteni, wazazi wangu. Upungufu ukionekana, hukatwa katika mshahara wangu, nami ndimi nisomeshaye wadogo zangu." Tukalipa 400,000. Miwani tuliichukua baadaye, baada ya kuuza debe kadhaa za mpunga. Mama akangoja, wala hakunung'unika.

Twaandika haya kwa kuwa siku hizi watu wengi husafiri, na nyumba za wageni zimeongezeka. Mtu husema, "Nimelipa, sina deni la adabu." Sivyo. Mhenga alisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hotelini hupewi jembe, lakini kazi yako ipo: kuamkia wanaokuhudumia, kutunza shuka na taa kama zako, kusoma hesabu kwa makini, na kusema kweli ikizidi au ikipungua. Nyuma ya ile meza hakuna hoteli tu. Yuko mtoto wa mtu.

Kanga ile mama anayo hata leo. Mafundo ameyafungua, lakini ncha yake ingali na makunyanzi, nasi kila tukiiona twakumbuka.