Je, Wajua? Harusi ya Miezi Mitatu Ijayo Haina Nauli

Je, wajua kwamba akili ina umbali wake, usiopimwa kwa kilomita? Mwaka 1998 wanasaikolojia Nira Liberman na Yaacov Trope walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi nchini Israeli. Waliwapa kazi za kusoma na kuandika: mada ya kuvutia au ya kuchosha, makala ya Kiebrania walichokizoea au ya Kiingereza kilichowatoa jasho. Kazi ilipokuwa ya siku za karibuni, wepesi wake ndio uliowavuta zaidi. Ilipokuwa ya wiki kadhaa mbele, waliangalia uzuri wa mada. Cha mbali tunakiuliza “kwa nini”. Kikishasogea tunauliza “vipi”.

Chukua kadi ya mchango wa harusi. Ikifika miezi mitatu kabla, unaona vigelegele, pilau na furaha ya binamu yako, na unaahidi kwa moyo mweupe. Wiki ya harusi, sare haijashonwa, fundi hapokei simu, nauli ya kwenda na kurudi haijapatikana, na mtoto mdogo hana wa kubaki naye. Harusi ni ile ile. Wengi tunaowaita waongo, naamini, walikuwa wakweli kabisa siku walipoahidi. Nauli tu hawakuiona kutoka kule walikokuwa.

Umbali huo si wa wakati peke yake. Upo wa mahali, wa mtu na mtu, na wa jambo ambalo pengine halitatokea. Katika utafiti mwingine, wa mwaka 2006, wanafunzi wa New York walitazama video moja. Walioambiwa imepigwa Florence, Italia, waliisimulia kwa maneno ya jumla kuliko walioambiwa imepigwa hapo hapo mjini kwao. Nasi ndivyo tusemavyo: kijana wa jirani “amechelewa kurudisha baiskeli”. Wa mji wa mbali “si mwaminifu”. Neno la pili linamhukumu mtu mzima kwa baiskeli moja, na hilo linanisikitisha.

Kiswahili kinaujua umbali huu. Tuna huyu, huyo na yule, na yule hahitaji kuwa mbali. Mama akiwa na hasira husema “yule baba yenu”, na baba yupo chumba cha pili, anakohoa. Watoto wanaelewa mara moja.

Hata lugha yenyewe huweza kutusogeza mbali. Mwaka 2014 Albert Costa na wenzake waliwauliza watu kama wangemsukuma mtu mmoja mbele ya gari moshi ili kuwaokoa watano. Waliosoma swali kwa lugha ya kigeni walikubali zaidi kuliko waliolisoma kwa lugha yao ya kuzaliwa. Maelezo mojawapo ni kwamba lugha tuliyojifunza darasani haitugusi moyo kama ile tuliyolelewa nayo.

Lakini umbali nao huponya. Mwaka huo huo Ethan Kross na wenzake walionyesha kwamba watu wanaojiandaa kuhutubia hupungukiwa na wasiwasi wakijisemesha kwa majina yao, kana kwamba wanaongea na mtu mwingine, badala ya kusema “mimi”. Dada anayesubiri kuitwa kusoma wasifu wa marehemu msibani, karatasi ikimtetemeka mkononi, anaweza kujinong’onezea: “Asha, marehemu ulimjua vizuri. Soma taratibu.”