Je, Wajua? Kuna Samaki wa Mto Athi Anayezaliwa Baharini

Mto Ruiru, jirani ya mtaa wa Membley nchini Kenya, humwaga maji yake Athi. Athi nao hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Samaki aitwaye mkunga huupanda mto huo kutoka baharini akiwa mdogo, mwili angavu kama kioo. Akikuta maporomoko, hujibandika kwenye mwamba wenye unyevu na kupanda, tumbo likigusa jiwe.

Huishi mtoni miaka kumi au zaidi. Wakati wa kurudi, macho hupanuka, utumbo husinyaa, naye haonji chakula tena. Hutaga mara moja tu, baharini, kisha hufa. Bwawa likiziba mto, safari zote mbili hukatika.

Samaki mwingine, ningu wa Ziwa Victoria, naye hupanda mito mvua zikinyesha. Nyavu midomoni mwa mito zilimnasa akiwa na mayai tumboni, uvuvi wake ukaporomoka miaka ya 1950. Hasara kubwa mno! Mwaka 2004, Justus Rutaisire wa Uganda na Anthony Booth wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, walichapisha namna ya kumtagisha ningu kwa homoni. Kenya nayo humzalisha huko Sang'oro, karibu na mto Sondu-Miriu.