Runinga ya Plazma: Faida Zake na Hesabu Yake kwa Mnunuzi wa Kiganjo

Baadhi ya dada zetu wa Pwani wamewafuata waume zao kikazi hadi Kiganjo, mji mdogo karibu na Nyeri, mashuhuri kwa chuo chake cha polisi na kiwanda chake cha maziwa. Huko baridi huwaingiza watu ndani mapema, na jioni ya familia huwa mbele ya runinga. Swali litufikialo ni hili: plazma ina faida gani kwa anayetaka kununua?

Hapana budi tuanze na jina. Midomoni mwa wengi, kila runinga bapa huitwa plazma. Sivyo. Plazma ni aina moja tu, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1964. Ndani ya kioo chake mna vijumba vidogo mno vyenye gesi, aghalabu neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa mwali usioonekana kwa macho, na mwali huo huuangaza unga wa rangi nyekundu, kijani na buluu. Kila kijumba hujiangazia chenyewe.

Faida zake zatokana na hayo. Weusi wake ni weusi wa kweli. Kitu kiendacho mbio hakiachi ukungu nyuma yake. Na aketiye pembeni huona rangi zile zile azionazo aliye katikati. Hili ni jambo kubwa kwa nyumba ambamo watoto wamejaa mkekani na wazee wameegemea ukutani. Tena, kinyume na zile runinga za kisogo, haili nafasi ya chumba.

Lakini mwenye busara hupima pande zote mbili. Kampuni ya Panasonic iliacha kutengeneza plazma mwishoni mwa 2013, na Samsung na LG zikaiacha mwaka uliofuata. Basi plazma ya kweli iuzwayo leo aghalabu ni mtumba, na vipuri vyake ni taabu kupatikana. Ukiona runinga iliyotoka kiwandani juzi ikaitwa plazma, jua kwamba jina hilo ni la kuazima.

Pili ni umeme. Plazma ya inchi 42 yaweza kula wati 250, ilhali LED ya kimo hicho yaweza kutosheka na wati 80. Kwa saa tano kila siku, ya kwanza itamaliza uniti 37 na nusu kwa mwezi, ya pili uniti 12. Tofauti hiyo mama wa nyumba ndiye aionaye, kila anunuapo tokeni.

Tatu ni jambo ambalo muuzaji wa Mombasa huenda asilijue. Kiganjo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kani ya hewa huko ni pungufu ya ile ya Pwani kwa takriban moja ya tano. Gesi iliyofungwa ndani ya kioo hutegemea kusukumwa na hewa ya nje. Hewa ikipungua, runinga iliyokuwa kimya Pwani yaweza kuanza kuvuma kama nyuki. Ukizidi kupanda, kama vile Nyahururu, hatari huongezeka.

Nne ni alama. Picha isiyosogea ikikaa muda mrefu huacha kivuli. Nyumba iliyofungulia matangazo ya Makka mchana kutwa mwezi mzima wa Ramadhani yaweza kukuta nembo ya kituo imebaki kiooni. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe picha nyeupe tupu, uchunguze pembe zote. Kumbuka pia kwamba matangazo ya Kenya yamekuwa ya dijitali tangu 2015, hivyo runinga kuukuu itahitaji king'amuzi.

Hapa ndipo sheria yetu ya biashara inapoingia. Muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa yake hana ruhusa kuificha, na mnunuzi aliyeuziwa aibu iliyofichwa ana haki ya kuirudisha. Kwa hiyo, mpatane mapema, tena kwa maandishi na mashahidi, siku kadhaa za kuijaribu kule kule Kiganjo. Asiyekubali sharti hilo, mwacheni na mali yake.

Rai yetu ni hii: ikiwa bei ni ndogo, kioo ni safi, haivumi, na tokeni haziwaumizi, plazma itawafaa. Lakini ikiwa fedha ni za mkopo au za chama, na karo inangoja, chukueni LED ndogo, au subirini. Mume na mke wakae washauriane kabla mmoja hajaenda dukani, kwani deni la runinga hubaki chumbani hata picha inapozimwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.