Upimaji wa mazingira ya mtaa

Upimaji wa mazingira ya mtaa ni njia ya kitaalamu ya kuchunguza jinsi mahali watu wanapoishi panavyowasaidia au kuwazuia kutembea, kufanya mazoezi na kula vizuri. Hutumika katika afya ya jamii na mipango miji. Mtu anayeshauriwa kutembea huku barabara yake haina njia ya miguu, au kula mboga huku duka la karibu linauza soda na biskuti tu, hawezi kulaumiwa peke yake.

Kutembea

Mwaka 2003 Brian Saelens, James Sallis na wenzao wa Marekani walichapisha dodoso liitwalo NEWS. Linawauliza wakazi kuhusu aina za nyumba, umbali wa maduka, njia za miguu, usalama barabarani na uhalifu. Pamoja na maoni hayo, watafiti hutumia ramani za kompyuta kuhesabu makutano ya barabara, bustani za umma na vituo vya usafiri. Washiriki huvaa kiunoni akselerometa, kifaa kidogo kinachorekodi mwendo wa mwili.

Utafiti wa mtandao wa IPEN uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha miji 14 katika nchi 10. Wakazi wa mitaa iliyofaa zaidi walizidi wale wa mitaa isiyofaa kwa dakika 68 hadi 89 za shughuli za mwili kwa wiki. Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa watu wazima ni dakika 150. Hata hivyo, huenda wapendao kutembea ndio huchagua mitaa hiyo.

Chakula

Mwaka 2007 Karen Glanz na wenzake walichapisha kipimo cha NEMS. Mpimaji huingia dukani na fomu, akaandika kama vyakula bora vinapatikana, bei yake ikilinganishwa na vya kawaida, na hali ya matunda na mboga. Kuna fomu nyingine ya migahawa.

Afrika

Dodoso la NEWS lilirekebishwa kwa ajili ya Afrika na kujaribiwa katika nchi saba, zikiwemo Kenya na Uganda. Marekebisho yalihitajika kwa sababu wengi barani hutembea kwa kukosa gari au nauli. Anayehesabu hatua tu anaweza kudhani mtaa ni mzuri, kumbe watu wanapita kandokando ya magari kwa hofu. Kwa hiyo hupimwa pia usalama wa njia yenyewe.