Mwanagenzi katika Bunge Letu la Kaunti

Ukisema "bunge" hapa kwetu Mnarani, wengi hufikiria Nairobi. Wengine hufikiria wazee wa chini ya mwembe, ambao nao wana spika wao! Lakini tangu uchaguzi wa Machi 2013 kila kaunti kati ya 47 za Kenya ina bunge lake, na la Kilifi liko Malindi, kama kilomita 60 kutoka hapa. Ni bunge dogo. Kaunti ina wadi 35, Mnarani ikiwa mojawapo, na kila wadi huchagua mwakilishi mmoja, ambaye wazee bado humwita diwani. Juu yao kuna wanaoteuliwa, wakiwemo wanawake, vijana na walemavu. Spika huchaguliwa kutoka nje ya wawakilishi hao. Teddy Mwambire, aliyechaguliwa kuwa Spika 2022, alikuwa mbunge wa Ganze kabla ya hapo.

Katika mabunge kama haya huingia vijana wa vyuo kujifunza kazi. Kiswahili chawaita wanagenzi, ijapokuwa mtaani utasikia tu "yuko atachi". Wengi wetu twadhani kazi yao ni kubeba mafaili ya waheshimiwa na kuchemsha chai. Chai ipo, sikatai, lakini si hiyo tu.

Anayetaka nafasi humwandikia Karani wa Bunge. Usicheke jina, karani huyu ndiye mkuu wa watumishi wote na mshauri wa Spika juu ya kanuni. Barua ya chuo na kitambulisho huambatanishwa, na mara nyingi huulizwa bima ya ajali pia. Muda kwa kawaida ni miezi 3. Sasa hapa ndipo penye shida: wanagenzi wengi nchini hawalipwi kitu. Mwenye shangazi Malindi atalala huko. Wa Mnarani au Ganze je? Daraja la Kilifi lilipofunguliwa 1991 lilituondolea foleni ya feri, lakini nauli ya matatu kwenda na kurudi kila siku kwa miezi mitatu si mchezo. Kwa maoni yangu nauli ingetolewa, la sivyo kazi za bunge zitajulikana na watoto wa wenye uwezo pekee.

Siku za kwanza ni za kujifunza adabu ya ukumbi. Anayeingia humwinamia Spika. Kuna mpaka ambao asiye mwakilishi wala mtumishi wa zamu havuki, hata awe nani. Mpambe wa Bunge hutangulia na rungu, na bila rungu hilo kuwa mahali pake hakuna kikao. (Wenzetu wa Tanzania huliita siwa, neno ambalo sisi wa Pwani twalijua kwa ile baragumu kubwa ya Lamu na Pate.)

Wengine hupelekwa Hansadi, yaani kumbukumbu ya kila neno lisemwalo kikaoni. Jina latokana na mpiga chapa mmoja wa London. Kazi yenyewe ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuandika, kurudia, kuandika tena. Mheshimiwa akisema kwa Kiswahili, huandikwa kwa Kiswahili. Katika Bunge la Taifa kanuni yasema anayeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo hiyo. Basi mwanagenzi aliyedharau Kiswahili shuleni hukwama hapa, maana lazima ajue tofauti ya "hawajalipwa" na "hawatalipwa". Herufi moja tu, na maana imegeuka kabisa.

Lakini penye uzito zaidi ni kwenye kamati. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwa kamati, na Katiba ya 2010, kifungu cha 196, yalazimisha wananchi washirikishwe. Kamati yaweza kuja hata kwenye ukumbi wa kijiji. Mwanagenzi huwa mlangoni na daftari la mahudhurio, au pembeni akiandika maoni. Mama mkongwe atasimama aseme kwa Kigiriama au Kichonyi kuhusu ushuru wa soko. Maneno yake yatageuzwa, yafupishwe, yaingie katika ripoti ya kurasa nyingi. Ikiwa kijana ameandika "apinga ushuru" na mama alisema "aomba upunguzwe", kamati itajibu jambo ambalo hakuna aliyelisema. Ndiyo sababu yafaa amsomee yale aliyoandika kabla hajaketi. Tena asiandike kwa kumpendeza mwakilishi wa upande fulani, hata kama ni jirani yake.

Miezi migumu ni Mei na Juni. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo watu hufanya kazi mpaka usiku na mashine ya kunakili haipoi. Mswada ukipita husubiri sahihi ya gavana, ambaye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha na sababu zake.

Kwa sisi tulio bado shuleni, kifungu hicho cha 196 chasema pia kwamba vikao ni vya wazi. Uliza siku ya kikao, vaa sare yako, ukae upande wa wageni usikilize.